Sura ya Tisa: Sauti Isiyovuka Barabara

Mapenzi yana wazimu wake, na kila mtu ana wa kwake. Lakini msichana wa kumchagulia mchumba wake ampli ya gitaa kwa kuifunga mgongoni na kuzunguka nayo duka zima, huyo mtaa wa Kabondo, pale Kisangani, ulikuwa haujapata kumwona, mpaka alipotokea Madina binti Yakubu.

Ilikuwa mwaka ule wa sitini na nne, kabla waasi hawajaingia mjini. Dominique, fundi wa redio wa sokoni, alikuwa ameachiwa ampli mbili na orkestra moja iliyovunjika, ambayo wanamuziki wake walipanda meli ya kuteremka mto na hawakuonekana tena. Ampli, kwa asiyeijua, ni lile sanduku la kukuza sauti ya gitaa la umeme. Bila hilo gitaa linanong'ona tu, hata aliyekaa karibu nalo halisikii vizuri. Hilaire alikuwa mpiga gitaa, na tena mpiga gitaa hasa, si wa kubahatisha. Gitaa alikuwa nalo. Sanduku hakuwa nalo, kwa kuwa siku zote alipigia la bar.

"Bon, Hilaire, usinipotezee siku," Dominique alisema, akivuta ile kubwa katikati ya duka kwa kuikokota. "Hii iko ya wanaume. Sikia mwenyewe."

Hilaire alichomeka waya, akagusa nyuzi. Wee! Sauti ilitoka nene, tamu, ikajaa duka na kumwagikia nje mpaka wauza majani ya pondu wakageuka. Madina alimwona alivyofumba macho, na mwili ukamsisimka. Alimpenda kijana yule hadi akajionea huruma. Lakini alikuwa na jambo lake la kuuliza, akauliza.

"Na kuibeba, ataibeba nani?"

"Batu wawili," Dominique alijibu.

"Sisi wawili tutakuwa na gitaa, na nguo, na sufuria. Na kule njia ya reli, kwa shangazi yangu Safi, courant itatoka wapi?"

Dominique alijikuna kidevu. Kwa shangazi Safi, kijijini njia ya Ubundu, umeme wa maporomoko ya Tshopo ulikuwa hadithi tu. Akaingia nyuma, akarudi na ile ndogo ameishika kwa mkono mmoja.

"Basi iko hii. Inakula mapile, betri za tochi, unaziweka hapa nyuma. Mushipi wake wa kushikia uko nguvu. Iko na tundu mbili, moja ya gitaa, moja ya micro ya kuimbia. Lakini nisikudanganye, mama: sauti yake haivuki barabara."

Hilaire aliijaribu huku amekunja uso. Akiikaza sana, ilikwaruza kama koo la mlevi. Akiilegeza, ilififia. Akatafuta, akatafuta, mpaka katikati hapo akapata mahali ilipokubali. Ndipo vidole vyake vikaokota kijiwimbo ambacho Madina hakuwahi kukisikia: kilipanda, kikapanda tena, kisha mara ya tatu kikashuka polepole na kutulia.

"Ni wimbo gani huo?" Madina aliuliza.

"Sijui. Umekuja sasa hivi. Labda ulikuwa ndani ya hii ampli."

Madina alifungua kikwembe chake cha juu, akainama, akaiweka ile ampli mgongoni kama mwana, akakaza fundo kifuani. Akazunguka duka. Akainama kama anayeokota kuni, akainuka. Dominique alicheka mpaka akashika meza.

"Tunachukua hii," Madina alisema.

"Madina, ni mimi nitapiga. Umesikia ile kubwa inavyolia?"

"Nimesikia. Na siku mgongo wako ukiuma njiani, nani atabeba? Mimi. Basi niache nichague."

Hilaire aliitazama ile kubwa. Aliitazama kwa muda, jamani, na uchungu ulikuwa wazi usoni mwake. Kisha akamgeukia Madina, akatabasamu tabasamu lile lililomtoa msichana wa watu kwenye njia.

"Haya, mke wangu. Tuchukue yako."

Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo mbele ya mtu. Madina alitazama chini kwa haya, na moyoni alitamani aitwe hivyo tena hapo hapo.

*

Habari za soko zina miguu. Kabla ya swala ya magharibi, papa Yakubu alikwisha kupewa zote, na nyingine za kuongezea. Papa Yakubu alikuwa fundi wa kanzu, mtoto na mjukuu wa mafundi wa kanzu, familia ya Waislamu wa zamani pale mjini, na jina lake alilitunza kama alivyotunza mkasi wake. Alimwita Madina, naye akaja kusimama kwenye kizingiti. Kando ya papa alikaa mdogo wake, tonton Feruzi, ami yake Madina, uso umemvimba kwa hasira.

"Umeonekana sokoni," papa Yakubu alianza, taratibu, "umebeba sanduku la mpiga gitaa. Mgongoni. Kama mtoto."

"Kama mtoto, Madina!" tonton Feruzi alidakia. "Mbele ya watu! Msichana hajaolewa, anabeba vitu vya mwanamume pale wanapobebwa wana! Wanatucheka hata wauza mkaa!"

"Ilikuwa kuijaribu tu, tonton."

"Kujaribu nini? Uzazi?"

"Feruzi, nyamaza," papa Yakubu alisema. Aliweka chini nguo aliyokuwa akiishona. "Mwanangu, mimi sina ugomvi. Yule ni mtu wa misheni, ni mtu wa bar, anakula kwa kuchezesha walevi. Akija kukuoa atakuja mikono mitupu, na kesho utarudi hapa mikono mitupu vilevile. Sasa nakuomba neno moja. Sema hapa mbele ya tonton yako, sema, 'Simjui.' Neno hilo tu. Likishatoka kinywani mwako mimi nitaliamini, watu nitawajibu, na sitakuuliza tena maisha yangu yote."

Nyuma ya pazia mama Hadidja alikohoa kikohozi cha kumwambia binti yake: sema, sema yaishe.

Madina alimtazama baba yake. Alimpenda, tena sana. Macho yalimjaa machozi.

"Namjua, papa."

"Madina."

"Namjua. Nikisema simjui nitakuwa nimesema uongo nyumbani mwako."

Papa Yakubu aliokota nguo yake. Alikata uzi kwa meno, akatia mwingine, akashona. Tangu siku ile hakumtaja tena binti yake kwa jina. Chakula alikipokea, salamu aliitikia, lakini jina, hapana. Jamani, hata kiboko hakiumi kama hivyo.

*

Kisha waasi wakaingia, na habari za uchumba zikawa ndogo.

Wapiganaji, wenyewe wakijiita simba, walikuja na majani vichwani na mikuki mikononi, wengine na bunduki, wamenyunyiziwa maji ya dawa ya kugeuza risasi kuwa maji. Bar zilifungwa. Gitaa la Hilaire lililala chini ya kitanda, na ampli ikafichwa kwa kina Madina. Na kwa kuwa ndege za serikali zilikuwa zikipita juu ya mji karibu kila siku, siku nyingine zikipiga risasi, hofu mpya ikazuka: phonie. Phonie ni ile mashine ya kuzungumzia mbali. Mtu akionekana na sanduku lenye waya, na taa, na vitufe, basi huyo ndiye anayeita ndege. Hakuna aliyemuuliza mara mbili.

Dominique walimkuta mezani kwake, redio ya jirani imefunguliwa tumbo, waya zimetoka nje. Walimpeleka upande wa daraja la Tshopo. Mkewe Clémence alimfuata mpaka njia panda, akarudishwa. Aliyepelekwa kule hakurudi, na hakuna aliyethubutu kumuulizia.

Asubuhi ya pili yake Hilaire alikuja nyuma ya uzio wa papa Yakubu, kwenye migomba, akamwita Madina kwa mluzi mdogo.

"Leo," alisema. "Papa Alphonse atatuvusha mto mpaka Lubunga alasiri, mtumbwi wake uko tayari. Tutashika reli. Kesho kutwa tuko kwa shangazi yako. Kule atatufungisha ndoa, hata nikitakiwa kusilimu nitasilimu."

"Na ampli?"

"Tuiache. Tuizike hapa hapa kwenye migomba."

"Tuizike?"

"Madina, umesikia ya Dominique. Ile kubwa, kila mutu anajua ni ya ndule, ya muziki, wameiona bar. Lakini hii ndogo, yenye mapile, yenye tundu ya micro... mimi mwenyewe nikiiangalia naona phonie."

Ukweli huo ulimchoma. Ni yeye aliyeichagua. Akakumbuka maneno ya baba yake, mikono mitupu, mikono mitupu, na ukaidi ukampanda.

"Ukifika kwa shangazi bila hiyo utafanya nini? Utalima? Vidole hivyo?" Alimshika vidole. "Shangazi ataniuliza neno moja tu: mume wako anakula kwa kazi gani? Nataka umjibu kwa kupiga. Nimeichagua mimi, nitaibeba mimi."

"Utaibeba wapi? Pale beach ya kuvukia kuna barieri. Wanapekua mpaka pindo ya suruali."

"Wanapekua wanaume."

Hilaire akaelewa. Mpiganaji aliyekwisha kunyunyiziwa maji ya dawa hakuruhusiwa kumgusa mwanamke hata kwa ncha ya kidole. Akimgusa, dawa inakufa na risasi zinaingia. Kwa hiyo pale kizuizini wanawake walipita bila kupekuliwa, na wenye watoto mgongoni ndio kabisa, walisogezewa njia.

"Kama siku ile dukani," Madina alisema.

"Siku ile tulikuwa tunacheka."

"Na tutacheka tena. Hilaire, niangalie. Tutacheka tena."

Alimwangalia. Macho yale, yenye kope ndefu kama za msichana, yalikaa juu ya uso wake kama yanayotaka kuukariri. "Basi tusijuane pale," alisema mwishowe. "Mimi mbele na gitaa, wewe nyuma na mutoto. Hata ukiniona naanguka, hunijui."

"Nimekubali."

Betri na waya havikuweza kukaa katika mfuko wa Hilaire, maana hivyo navyo ni phonie. Ilibidi viende pamoja na sanduku. Madina alizitoa betri alizopewa na Dominique siku ile ya kununua, mpya kabisa, alizozificha ndani ya mchele zisipate unyevu. Alizifuta moja moja kwa upindo wa nguo, akazitia nyuma ya ampli, akafunga kifuniko. Waya aliuacha umechomekwa, akauzungushia sanduku zima.

Alikuwa akihangaika na fundo la kikwembe aliposikia hatua nyuma yake. Mama Hadidja alikuwa amesimama mlangoni. Madina alikauka.

Mama yake alilitazama lile sanduku. Aliutazama uso wa binti yake. Kisha akaja, akafungua fundo lote, akaanza upya.

"Mtoto hafungwi hivi," alisema kwa sauti ya chini. "Namna hii kichwa kinaning'inia. Watu watajua huna mtoto." Alilipandisha sanduku juu, akakaza kitambaa chini ya makalio yake ya mbao, akavuta ncha kifuani. Akaingia ndani, akatoka na kofia ndogo ya sufi, kofia aliyovaa Madina mwenyewe alipokuwa mchanga, akaivisha pembe ya sanduku.

"Mama..."

"Usiniambie unakwenda wapi. Nikiulizwa nisiwe najua." Alivua bangili yake ya shaba, pana, ya tangu ndoa yake, akamvisha Madina mkononi. "Lakini ukifika huko nisikokujua, huyo nisiyemjua mwonyeshe hii. Atajua umetumwa na mama yako, hukutoroka kama mwizi."

Madina alitaka kumwangukia shingoni, mama akamrudisha kwa viganja. "Usilie. Utamwamsha mtoto," alisema, na mwenyewe ndiye aliyegeuka haraka na kuingia ndani.

*

Alasiri beach ilijaa watu walionyamaza. Mto ulikuwa mpana, wa rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo Lubunga ilionekana na mapaa yake. Anga ilikuwa safi. Madina aliitazama anga kwanza, kama kila mtu wa Kisangani alivyozoea siku zile, akatega sikio. Hakuna ndege.

Mbele yake, watu watatu wanne hivi, alimwona Hilaire na gitaa lake ndani ya gunia. Kijana mwenye majani kichwani alilitoa.

"Hii nini?"

"Gitaa, simba. Mimi mutu ya ndule."

"Piga."

Hilaire alipiga. Nyuzi zilinong'ona. Vijana wakacheka.

"Gitaa yako iko na mafua! Pita, pita!"

Alipita. Madina aliona mgongo wake ukiteremka mchangani mpaka kwenye mtumbwi wa papa Alphonse. Hakugeuka hata mara moja, kama walivyoagana. Ah, kumbe inawezekana, alijiambia. Kumbe tutafika.

"Wewe bibi, simama pale pale! Usinikaribie!" Kijana alirudi nyuma hatua mbili, mkuki mbele. "Mutoto iko na nini, amefunikwa mpaka kichwa?"

"Ana surua, simba. Upepo unamdhuru."

"Amelala?"

"Amelala."

Na hapo, kwa sababu kila mama akiulizwa habari za mwanawe aliye mgongoni humpapasa, Madina alipeleka mkono nyuma akampapasa mtoto wake wa mbao. Katika kufungwa na kufunguliwa kitufe cha kuwashia ampli kilikuwa kimegeuka, naye hakujua. Bangili ya mama yake ikagusa ncha ya ule waya.

Krrraaah!

Mtu yeyote asingeweza kusema huo ni mlio wa mtoto. Beach nzima ilishtuka. Mwanamke mmoja nyuma alitaja jina la Mungu.

"Phonie!" yule kijana alipiga kelele. "Phonie! Ameleta phonie!"

Mikuki ilimzunguka, yote kwa umbali wa kutomgusa. "Fungua! Weka chini!" Alilivuta fundo, likamshinda. Mwishowe kikwembe kililegea, sanduku likashuka mchangani na kofia ndogo ya sufi ikabiringika miguuni pake. Akaja kamanda, mtu mzima mwenye sauti ya upole, na upole ule ulitisha kuliko kelele.

"Ya nani hii, mama?"

Madina aliinua macho, na juu ya mabega ya watu akamwona Hilaire. Mguu mmoja ulikuwa ndani ya mtumbwi, mmoja majini. Papa Alphonse alikwisha kushika kasia. Ilibaki kuvuta ule mguu wa pili tu. Nenda, alimwambia kwa macho. Nenda, Hilaire, nakuomba, hunijui, tulisema hunijui.

Hilaire alimtazama. Kisha akatoa mguu mtumbwini, akapanda mchanga, gitaa mkononi.

"Kamanda, ile kintu iko yangu."

"Yako?"

"Yangu. Iko ampli ya gitaa, si phonie. Nilikuta huyu dada njiani, nikamuomba anibebee. Nilimudanganya, nikasema iko mashine ya kushona ya mama yangu. Hana kosa."

"Unamujua?"

"Hapana. Simujui."

Kamanda alimgeukia Madina. "Na wewe, mama? Unamujua huyu mutu?"

Neno lile lile. Alilikataa nyumbani, mbele ya baba yake aliyemwomba kwa upole, akaona fahari kulikataa. Sasa lilikuwa limekuja tena, na macho ya Hilaire yalikuwa yakimwomba kuliko baba yake alivyomwomba. Sema, yalimwambia. Sema uvuke. Angesema "namjua", wangelala chini wote wawili mchangani pale. Hilo alilijua, na bado ulimi ulikataa kugeuka.

"Mama, nimekuuliza."

"Simjui," Madina alisema.

Alisikia moyo wake ukipasuka, kweli kabisa, hapa chini ya ziwa la kushoto.

"Aende," kamanda aliamuru. "Sisi hatugusi mwanamke. Mupandisheni mtumbwi." Akamgeukia Hilaire. "Na wewe, kama iko ampli, piga. Tusikie."

"Nipige mpaka lini, kamanda?"

"Mpaka jua izame. Ndege isipokuja, utakuwa umesema kweli, na utakwenda na sisi, tuko na kazi ya sauti kama hiyo. Ndege ikikuja..." Hakumaliza.

Hilaire aliinama, akaokota kofia ya mtoto, akaipangusa mchanga. Akampa Madina kwa mikono miwili, kama mtu anavyomrudishia mgeni kitu alichoangusha.

"Samahani, dada. Nimekutia taabu. Nenda salama kwa mutoto wako."

Vidole vyao viligusana chini ya ile sufi, kidogo tu. Kama Madina angejibu, angelia, na kama angelia, wangejua.

*

Papa Alphonse alipiga kasia bila kuuliza kitu. Alikuwa Mwenya, wa kabila la wavuvi wa pale mtoni, mzee wa maneno machache. Madina alikaa akiangalia ule upande alikotoka, kikwembe kimefungwa kifuani vilevile, mgongoni hamna kitu.

Ndipo aliposikia. Hafifu, ndogo, lakini wazi juu ya maji: kijiwimbo kilichopanda, kikapanda tena, kisha mara ya tatu kikashuka polepole na kutulia. Maskini Dominique! Aliyesema sauti ile haivuki barabara alikosea. Ilikuwa ikivuka mto mzima.

"Anajua kupiga, yule kijana," papa Alphonse alisema.

"Anajua, papa."

"Ni wa kwenu?"

Madina alishika bangili ya mama yake, akaizungusha mkononi. Hilaire aliurudia wimbo, akaurudia tena, bila kupumzika, na kila uliposhuka na kutulia Madina alipumua. Jua lilikuwa bado juu. Lizame, aliomba. Ee Mola, lizame leo mapema, hata siku moja tu. Akatazama anga, safi, tupu, ya bluu.

Walipita katikati ya mto. Na hapo sikio lake likanasa kitu kingine, mbali, upande wa machweo. Alidhani nyuki. Akadhani mashine ya Lubunga. Papa Alphonse aliacha kupiga kasia, akainua kichwa.

Mlio ulikua. Ndege ilitokea juu ya misitu, ndogo, inang'aa, ikapita kwa mbali bila hata kushuka, bila kupiga risasi, ikaenda zake. Pengine rubani hakuona hata kwamba chini kuna mto.

Gitaa lilikuwa bado likilia. Hilaire hakuacha. Wimbo ulipanda, ukapanda tena.

Madina alingoja ushuke.

Alingoja, ameshika kingo za mtumbwi kwa mikono miwili. Maji yaligonga mbao, kasia la papa Alphonse likadondosha matone. Kutoka beach hakikuja kitu. Mtumbwi ulianza kuvutwa na mkondo, na mzee hakuwa na haraka ya kuurudisha. Alikohoa, akatafuta neno la kumpa mtoto wa watu.

"Itakuwa mapile, mama," alisema, bila kumtazama. "Vile vitu vinakufaka mbio."

Madina aliishika ile kofia ya sufi mapajani. Betri alizitia yeye mwenyewe asubuhi ile, mpya, akizifuta moja moja.

"Ndiyo, papa," alijibu. "Ni mapile."